UZI: Begi la kamera saizi gani? Wapiga picha wa Mtwara na Lindi tukutane hapa

Kuchele_Picha (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mtwara kuchele!

Kwenye magrupu yetu ya wapiga picha haipiti wiki bila mtu kuweka picha ya begi afu anauliza "hili la lita ishirini linatosha?" na majibu yanamiminika, linatosha, halitoshi, chukua la thelathini kabisa, na hamna hata mmoja anayemuuliza jamaa una kamera gani, lenzi ngapi, na unaenda kufanyia kazi wapi. Hela ya begi zuri kwa sisi wa huku ni hela ya sendofu nzima, na mengi tunaagiza Kariakoo bila kuyashika mkononi, likija limekuja. Ndo maana nataka tuliongelee vizuri.

Kwanza lita ziweke pembeni. Lita inayoandikwa kwenye begi mara nyingi ni ujazo wa begi lote, mifuko ya mbele imo, sehemu ya laptopu imo, mfuko wa chupa ya maji nao upo humohumo. Unaweza kukuta mabegi mawili yote lita 20, moja linameza lenzi ndefu ya 70-200 ikiwa imefungwa kwenye kamera, na lingine zipu inagoma hata ukiwa umeitoa, kwa sababu moja ni refu lenye kina na lingine ni pana lakini bapa. Kinachotakiwa ni vipimo vya NDANI, urefu, upana na kina. Ukiona tangazo lina vipimo vya nje tu muombe muuzaji aweke futi ndani apige picha, anayetaka kuuza atapima.

Chukua futi ya fundi cherehani, mwaga vifaa vyote kitandani, pima kila kitu kikiwa kama kinavyokaa kwenye begi. Nasisitiza hapo kwenye kama kinavyokaa. Mimi natumia Canon 5D Mark IV, karatasi ya kiwandani inasema upana milimita 150.7, kimo 116.4, unene 75.9. Lenzi ya EF 70-200 f/2.8 L IS II inaandikwa urefu milimita 199. Mtu anaona 199 anasema sawa, begi lenye sentimita 20 ndani linanitosha. Halitoshi! Ile 199 haijahesabu kifuniko cha mbele wala cha nyuma, ukivivalisha vyote unagonga kwenye sentimita 22. Na ile hudi yake (kikinga mwanga cha mbele) ukiigeuza nyuma kwa ajili ya kuhifadhi, unene wa lenzi uliokuwa milimita 88.8 unapita sentimita 10, kwaiyo kile kijumba ulichokikata kwa divaida (vile vigawanyo vya ndani ya begi) za sentimita 9 hakiingii kitu.

Sasa ifunge kwenye kamera. Kuanzia nyuma ya kamera mpaka mdomo wa lenzi unakuta karibu sentimita 27. Kwa begi la mgongoni inalala kwa urefu katikati, hapo unaangalia kina cha begi, kama ndani ni sentimita 12 basi bodi ya 116 inapita kwa shida na zipu inakandamiza vitufe. Ukiwa na betri gripu (kile kishikio cha betri za ziada) chini ya kamera hapo ndo kabisa, tafuta kina cha sentimita 16 na zaidi. Kwa begi la begani kamera inakaa lenzi ikiangalia chini, ukiwa na 24-70 f/2.8 L II yenye urefu wa milimita 113 unahitaji kama sentimita 19 kwenda chini, na hiyo 70-200 haiingii ikiwa imefungwa, utaibeba imetengana na bodi. Kama unapiga ngoma kutengana hakukubaliki. Kwenye mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yule mwenye kinyago hakusubiri ufungue kifuniko, akitoka ametoka, watu wanakimbia, vumbi linapanda, wewe uko chini unahangaika na lenzi.

Ndo maana nasema begi linachaguliwa kwa kazi ya siku hiyo. Saizi yake iwe ya vile unavyobeba ukienda kazini, pamoja na nafasi ya kitu kimoja zaidi. Vyote unavyomiliki vinaweza kukaa nyumbani kwenye kabati au kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko.

Uzito pia tusiusahau. Bodi gramu 890, 24-70 ni 805, 70-200 ni 1,490, hapo tayari kilo 3 na gramu 185 hujaweka flashi, chaja, betri za akiba, wala begi lenyewe ambalo likiwa la mgongoni lenye sponji nene linaweza kukaribia kilo 2 likiwa tupu. Wanaosafiri kwa ndege kwenda Dar mnajua mashirika mengi yanaweka kilo 7 kwa begi la mkononi, na zile ndege za pangaboi sehemu ya juu ya kuwekea mizigo ni ndogo. Begi likiwa nene wanakuambia lishuke chini na mizigo mingine, na hapo moyo unaanza kwenda mbio mpaka mfike.

Karibuni, wekeni vifaa mlivyonavyo na mnapofanyia kazi tusaidiane.

Binti_wa_Mikindani

Asante sana kaka kwa uzi huu, umekuja wakati nauhitaji. Mi ndo naanza, nina Canon 200D na ile lenzi iliyokuja nayo ya 18-55, juzi nimeongeza 50 f/1.8. Napiga watoto, bathdei, na picha za mitaani hapa Mikindani kwenye nyumba za zamani. Kuna dada anauza begi la mgongoni kubwa la Lowepro, zuri kweli halina mchubuko, nikaona bora ninunue kubwa moja kwa moja ili baadae nisinunue tena. Mnanishauri vipi?

Kuchele_Picha

Dada usilinunue kwanza. 200D ina upana wa milimita 122 tu na gramu 453, ile 18-55 mpya ina kama sentimita 6, ukizifunga pamoja hazifiki sentimita 14. Ile 50 STM haifiki hata sentimita 4, inaingia mfuko wa suruali. Ukiviweka hivyo kwenye begi la mgongoni la mtu mwenye bodi mbili vinacheza humo ndani, divaida hazikamati, na kila ukipanda bodaboda vinagongana. Begi linalinda kitu pale linapokikumbatia.

Tafuta la begani lenye ndani kama sentimita 25 kwa 15, kina 18 au 20. Hapo unabaki na kijumba kimoja kitupu, na lenzi utakayoitamani baada ya hapo nina hakika ni 55-250 STM ambayo ina sentimita 11, inaingia palepale. Halafu kwa vichochoro vya Mikindani unataka kitu cha kuzungusha mbele, ukachomoa kamera bila kuliweka begi chini, maana ukilivua begi la mgongoni pale mtaani watoto wote wameshakuzunguka na ile picha uliyoiona imeshakwenda.

Barabara_ya_Liwale

Mkuu nakuheshimu lakini hapo kwenye begi la kazi ya siku tunatofautiana. Nyie mko mjini, kitu ukikisahau unarudi Shangani dakika kumi umekichukua. Mimi napiga kazi za taasisi na harusi za vijijini, Liwale, Nachingwea, Ruangwa huko ndani, nikitoka nimetoka, nalala huko huko, na ukishafika hamna wa kumuazima flashi wala betri. Kwaiyo mi nabeba VYOTE na nataka begi moja kubwa, bodi mbili, lenzi nne, flashi mbili, triga ya kuwashia flashi, laptopu, chaja zote. Begi dogo kwangu ni kujitafutia aibu mbele ya mteja.

Kuchele_Picha

Hoja yako ina uzito kaka, na kweli mazingira yako si ya mtu wa mjini. Ila niulize, ukishafika kijijini ukaingia kazini, lile begi lote unatembea nalo mgongoni kutwa? Kwa bibi harusi, kanisani au msikitini, turubaini?

Barabara_ya_Liwale

Hapana, naliacha kwa mwenyeji au kwenye gari la maharusi natoka na bodi mbili shingoni na lenzi moja mfukoni.

Kuchele_Picha

Sasa kaka hapo ulipo kwenye lenzi mfukoni ndo begi dogo linapotakiwa. Kubwa libaki la safari, ndani yake uweke kimfuko cha kiunoni au kibegi laini cha begani kilichokunjwa, kisichokula nafasi. Ukifika unahamisha vya kazini, vingine vinabaki vimefungwa. Lenzi mfukoni inakula jasho na uzi wa nguo, na ukichuchumaa inagonga.

Barabara_ya_Liwale

Hicho kimfuko nitakijaribu. Ila kubwa langu siuzi hata nipewe nini, hilo tusibishane 😂

Mzee_wa_Kivinje

Vijana, nimesoma yote. Mimi nimefungua studio enzi za filamu, nikitumia Nikon FM2, kamera ya gramu 540 hivi, upana kama sentimita 14, lenzi tatu za namba moja moja (zisizozumu), filamu kumi na flashi, vyote kwenye begi moja la begani ambalo leo mngeliona la mtoto. Tulikuwa tunazunguka nalo kwa baiskeli. Ninachotaka kuwaambia ni juu ya bega. Begi la begani likishapita kilo 4 kwa mtu anayefanya kazi kutwa linaharibu mwili, halikuambii leo, linakuambia baada ya miaka. Bega langu la kushoto mpaka sasa limelala kuliko la kulia. Kama mzigo wenu umefika hapo hamieni mgongoni, mabega yote mawili yabebe, na ule mkanda wa kiunoni muufunge. Naona vijana wengi wanauacha unaning'inia kama urembo.

Kuchele_Picha

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma vizuri sana, hili la mkanda wa kiunoni wengi hatulipi uzito. Na ndo sababu nyingine ya kuangalia saizi, begi la mgongoni likiwa refu kuliko mgongo wako ule mkanda unashuka kwenye makalio hausaidii kitu. Kina dada wenye kimo kifupi muwe makini zaidi hapa, mabegi mengi yanakatwa kwa mwili wa mwanaume mrefu. Lijaribu likiwa na mzigo, hata kama huna kamera hapo dukani omba mifuko ya sukari ya kilo tano weka ndani, vaa, tembea, inama, panda ngazi.

Mzee_wa_Kivinje

Marahaba mwanangu.

Ligula_Studio

Mimi niko Sony A7 III, nilidhani kuhamia mirolesi (kamera zisizo na kioo cha ndani) ndo nimepona na mabegi makubwa kwa sababu bodi ni ndogo, upana milimita 127, kimo 96, gramu 650. Sasa nashangaa begi ni lilelile. Wengine mnalionaje?

Kuchele_Picha

Bodi imepungua, lenzi hazijapungua kaka. Angalia 24-70 GM ya kwanza ya Sony, ina milimita 136 na gramu 886, wakati ile ya Canon ya DSLR (kamera zenye kioo cha ndani) ina 113 na 805. Ya kwako ni ndefu na nzito zaidi! Na 70-200 GM ya kwanza ina milimita 200, sawasawa na ya kwangu. Mwanga wa f/2.8 (tundu la lenzi linalofunguka sana) kwenye fulufremu (kamera yenye sensa kubwa) unataka lenzi zenye vioo vikubwa, bodi iwe ndogo isiwe ndogo. Aliyefaidika kwenye saizi ni mwenye Canon RF 70-200 f/2.8 ya kwanza kwa sababu ile inajikunja, ikiwa imerudi ndani ina milimita 146 na uzito 1,070, hiyo unaisimamisha wima kwenye begi la begani la kawaida kabisa. Nawe ukitaka begi dogo nenda na praimu (lenzi zisizozumu) mbili ndogo, 35 na 85 za f/1.8, kazi za studio na sendofu zinatosha kabisa.

Newala_Juu

Naomba nichangie kwa sisi ambao hela ya begi la kamera haipo. Huku Newala tunanunua begi la mtumba zuri, lile la shule au la wapanda milima, la kitambaa kizito na zipu pana, tunampa fundi cherehani anatushonea sanduku la ndani. Vipimo vyako vyote vya kitandani unampa fundi. Msitumie sponji la godoro, linanywa maji na likikaa miezi linabonyea, kamera inabaki inagusa ukuta. Tumieni povu gumu la ile mikeka ya mazoezi, sentimita moja mpaka moja na nusu, mnalivalisha kitambaa laini na mnashonea velkro. Na mkumbuke povu linakula nafasi!! Begi la sentimita 30 ukiweka povu la sentimita moja na nusu kila upande umebaki na 27, sasa mtu anapima begi tupu anamkatia fundi afu 70-200 na bodi inagoma kwa nusu sentimita.

Faida nyingine halionekani kama begi la kamera. Ukishuka stendi usiku hakuna anayejua umebeba nini.

Kuchele_Picha

Newala_Juu huu mchango ni dhahabu. Hiyo ya povu kula nafasi ndo inawaangusha wengi hata wanaonunua ya dukani.

Masoko_Majini

Salamu kutoka Kilwa Masoko. Mimi nawavusha wageni na wapiga picha kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, nimeyaona mabegi ya kila namna. Wakuu, maji ya chumvi hayana huruma. Upepo wa kusi ukivuma mashua inarusha maji mpaka nyuma, na maji yakitoka mnashuka mnatembea kwenye maji ya magoti, mkono mmoja umeshika viatu mwingine umeshika begi. Mtu anakuja na begi kubwa la kilo nane linamvuta nyuma pale anaporuka ukingo wa mashua. Kava la mvua linalokuja na begi linazuia mvua ya juu tu, kule mgongoni liko wazi, na maji ya mashua yanatokea pembeni na chini. Tumieni mfuko wa plastiki nzito ule wa kukunja mdomo, kibegi chako kizima kiingie ndani yake.

Kingine, Kisiwani kule mnatembea. Ile ngome ya zamani inayoitwa Gereza iko karibu na ufukwe, lakini kwenda kwenye gofu la kasri la Husuni Kubwa ni mwendo wa kijia kwenye jua, na ukifika Msikiti Mkuu picha zenyewe ni za ndani, nguzo na makuba, sehemu ni finyu.

Kuchele_Picha

Hapo umenipa mfano ambao nilikuwa nautafuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, kwaiyo kila mpiga picha anayefika Kilwa anataka apige, na anabeba kila kitu kwa kuogopa kukosa. Ukikaa ukafikiria kazi yenyewe, ndani ya msikiti unataka lenzi pana, 16-35 au hata 18-55 ya dada wa Mikindani, na moja ya kati kwa ajili ya watu na mashua. Ile 70-200 itakaa mgongoni kutoka asubuhi mpaka jioni inakuchosha bure. Bodi moja, lenzi mbili, betri mbili, maji ya kunywa, kitambaa, basi. Hiyo ni begi la lita 10 mpaka 12 na linaingia zima kwenye mfuko wa kuzuia maji alioutaja Masoko_Majini. Na mfuko huo nao unapimwa, ununue ambao begi likishaingia mdomo bado unakunjika mara tatu, ukikunjika mara moja maji yanapita.

korosho_ghafi

Nafuatilia uzi. Kipindi cha korosho napiga maghalani na minadani, vumbi la magunia balaa. Begi lipi?

Kuchele_Picha

Kwa ghala ndugu yangu chukua begi ambalo mfuniko wake unafungukia upande wa nje, mbali na mwili wako, na lenye ukingo unaoshuka pembeni, afu uingie na lenzi yako ikiwa tayari kwenye kamera. Usibadilishe humo ndani. Saizi iruhusu kamera iingie na lenzi yake bila kusukuma, maana ukisukumasukuma ndo unapopeleka nyuzi za magunia ndani ya vijumba. Jioni toa divaida zote, geuza begi, kung'uta, pitisha brashi.

Ligula_Studio

Tuongelee na kuvu basi, maana Mtwara unyevu huu umeshaniharibia lenzi mbili. Begi linahusika?

Kuchele_Picha

Linahusika sana. Watu wananunua begi zuri afu wanalifanya kabati, kamera inakaa humo mwezi mzima, zipu imefungwa, sponji limenyonya jasho la mgongo na unyevu wa bahari, giza, joto, hapo kuvu limeandaliwa makazi. Begi lililobana sana ndo baya zaidi kwa sababu hewa haipiti kabisa na lenzi imegusana na povu kila upande. Ukirudi kazini toa kila kitu, acha begi wazi kwenye upepo, kivulini. Vifaa viweke kwenye sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya silika jeli, vile vya rangi vikibadilika vimejaa, unavikausha. Na ndo nilichokuwa nasema pale juu, ukiwa na sanduku la kuhifadhia nyumbani hulazimiki kununua begi kubwa la kubebea.

Binti_wa_Mikindani

Nimepima leo. Vyote vikiwa vimefungwa kamera na lenzi yake nimepata sentimita 13 na nusu, flashi moja ya Godox ya kuazima nimeipima nayo ina 19 kwa urefu ikisimama. Nimeona begi moja la begani sokoni ndani ni 24 kwa 14, kina 17. Flashi haisimami. Niachane nalo?

Kuchele_Picha

Umepima vizuri dada. Flashi si lazima isimame, kichwa chake kinakunja, ilaze juu ya ile 50 kwenye urefu wa 24, weka kitambaa katikati, inakaa. Kinachonipa wasiwasi ni hiyo 14, je ni 14 divaida zikiwa ndani au umetoa? Kamera yako ina 12 na zaidi kidogo kwa upana, ukitoa unene wa povu unaweza kukosa pa kuingiza vidole. Rudi na kamera yako yenyewe mkononi, iweke, ifunge zipu, ichomoe kwa mkono mmoja ukiwa umesimama. Ikitoka bila kukwama mpe hela yake. Na kagua pale mkanda ulipoungana na begi, kama ni plastiki nyembamba mwambie fundi akubadilishie pete za chuma kabla hujaanza kulitumia.

Barabara_ya_Liwale

Mkuu kile kimfuko cha kiunoni unashauri kisizidi ngapi?

Kuchele_Picha

Kwako wewe ndani iwe 22 kwa 12, kina 15. 24-70 ya akiba, flashi, betri na kadi. Usizidishe hapo, kikiwa kikubwa utaanza kukijaza.